Mlango wa Chini

Mutsamudu, 20 Novemba 1977

Mdogo wangu Mouridi,

Tuko wazima, mimi na Mama Mkubwa, ingawa magoti yanamsumbua na usingizi wake ni wa kuibia. Barua hii anakuletea Tadjiddine wa duka la vitambaa, mkono kwa mkono. Nimeiandika kwa Kiswahili chetu cha Unguja na kwa herufi za Kiarabu, maana vijana wa kamati, wanaotawala mji siku hizi, hufungua barua za watu, na wanachokisoma wao ni Kifaransa.

Ufuo wa mdomo wa mto umeondoka. Sisemi umepungua. Unakumbuka tulipokuja kutoka Unguja ukiwa na miaka kumi, ulihesabu hatua kutoka ukuta wa makaburi hadi kwenye maji, ukapata mia na ishirini, ukamwandikia baba. Jana nilihesabu mimi. Kumi na tisa. Mchanga hakuna, yamebaki mawe ya mviringo, na wimbi likirudi nyuma mawe yanasagana chini ya maji. Sauti inafika mpaka jikoni kwetu. Jirani amesema ni kama mtu anayesaga meno usingizini, na tangu aliposema hivyo siwezi kuisikia vinginevyo.

Mama Mkubwa ana lake. Tangu aanze kuosha maiti wa kike wa mji huu, maji anayateka mtoni na kuyaacha mtungini yatulie. Anasema zamani, akiyamimina, chini kulibaki mchanga wa vidole viwili. Sasa hakuna. "Nimeingiza mkono mpaka chini," aliniambia, "nikahisi kama ninapapasa kaburi ambamo hajazikwa mtu."

Wewe ulikuwa karani wa ofisi ya ujenzi tulipojitawala. Lile bwawa la juu, la umeme wa hospitali, mafaili yake si yalipita mikononi mwako? Kuna jambo unalolijua?

Dada yako,
Hadjira


Moroni, 4 Desemba 1977

Dada Hadjira,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili nikaichoma, nawe hii ifanye vivyo hivyo.

Kuhusu bwawa sina la kusema. Ofisi yetu ilifungwa mwezi wa Aprili kwa amri ya serikali, sote tukaachishwa, na nyaraka zikabebwa uani na kuchomwa. Nami nilibeba. Ilichukua siku mbili, na wiki nzima baadaye majivu yalikuwa yakituangukia mabegani, yakiwa bado na mistari ya maandishi. Sasa ninanakili orodha za mchele kwa kamati ya mtaa, na ninaishi Mvouni kwa watu wema ambao hawaniulizi maswali. Kila asubuhi nateremka mjini kwa miguu nikiwa nimekwisha fikiri nitakachojibu nikiulizwa.

Bahari ina tabia zake. Leo inachukua, kesho inarudisha. Huku kisiwani kwetu mlima wa moto umefunika kijiji kizima mwaka huu. Nani atajishughulisha na mchanga? Nakuomba umzuie Mama Mkubwa asishuke ufuoni, na asizungumze habari za mtungi mbele ya watu. Siku hizi mzee akisema jambo la ajabu huitwa mchawi, na hapo hapatafutwi shahidi.

Usiniulize tena habari ya mafaili.

Mouridi


Mutsamudu, 22 Desemba 1977

Mouridi,

Umechelewa kunionya.

Mvua ilianza wiki iliyopita, mto ukafurika. Tulitazamia maji mekundu kama kila mwaka, yale yanayochafua bahari mpaka mbali. Yakaja meupe. Mto umejaa mpaka juu ya kingo, unanguruma, na unaona mawe ya chini kama unavyoona vidole vyako kwenye beseni. Watu walijaa darajani kutazama. Maji yale safi yakaanza kukata kingo za mto yenyewe, vipande vikubwa kama mikate, na huku bahari ikiingia kutoka upande wa pili. Asubuhi ukuta wa makaburi ulikuwa umelala.

Yamefunguka makaburi saba, yote ya wanawake, maana upande ule ndiko wanakozikwa. Yamefunguka kwa mpangilio, la mwisho kuzikwa kwanza. Mvuvi mmoja alivuta mshipi, ndoana ikaja na kitambaa cheupe. Hakuuliza ni cha nini. Alikata mshipi akarudi nyumbani.

Mama Mkubwa hushuka kila alfajiri baada ya sala. Anaokota mifupa, anaiosha tena, anaifunga katika sanda na kuizika juu kwenye shamba letu. Anawajua wote. "Huyu ni Bahia," ananiambia, "alivunjika mkono utotoni, huu hapa." Nilimwambia watu wanatazama. Akanijibu, "Niliwaosha wakiwa wazito, leo wamekuwa wepesi ndio niwaache?"

Kaburi la nne lilikuwa la mama yake Fakri. Fakri ndiye mwenyekiti wa kamati ya vijana hapa, ana miaka kumi na tisa. Mama yake hakuonekana hata mfupa. Fakri alimkuta Mama Mkubwa na furushi lake akamuuliza mbele ya watu:

"Bibi, umempeleka wapi mama yangu?"

"Mto ndio uliompeleka, mwanangu. Mto huu hauna kitu tumboni. Una njaa. Na wenye njaa hula cha karibu."

"Na wewe unaujuaje mto una njaa? Umekwambia?"

Watu wakacheka kidogo. Kisha hawakucheka tena.

Mdogo wangu, mimi ni mwanamke wa jikoni, lakini najua mto haubadiliki rangi bila sababu. Niambie.

Hadjira


Moroni, 9 Januari 1978

Dada,

Sijalala tangu nilipoisoma barua yako. Yale maneno ya Mama Mkubwa nimewahi kuyaona, karibu hivyohivyo, kwa Kifaransa. Mhandisi mmoja wa Wafaransa aliyaandika kabla hawajaondoka: kwamba mto unaokingwa kwa ukuta huacha mchanga wake nyuma ya ukuta, ukashuka ukiwa na njaa, ukala kingo zake, na ufuo usipoletewa mchanga bahari itauchukua ulio nao na haitaishia hapo. Mama Mkubwa hajui Kifaransa, na mhandisi yule hajawahi kuona mtungi wake.

Dawa yake ni hii. Chini kabisa ya ukuta wa bwawa kuna mlango wa chuma unaofunguliwa kwa gurudumu. Kila mwaka mvua zinapoanza ulipaswa kufunguliwa ili mchanga upite. Nenda kwa mlinzi, Mdahoma, mwambie aufungue. Ni mtu mzima na mwelewa.

Msinitaje. Sema umesikia kwa watu.

Mouridi


Mutsamudu, 25 Januari 1978

Mouridi,

Nilipanda kwa Mdahoma Jumatatu. Bwawa halipo tena, mdogo wangu. Pana uwanja wa mchanga na tope, maji yamebaki ukanda mwembamba kando ya ukuta, na ndege yangeyange wanatembea katikati kama wenye nyumba. Ufuo wetu wote uko kule juu. Niliutambua kwa rangi.

Nikamwambia afungue. Akaniingiza kibandani, akatoa kopo la biskuti, na ndani ya kopo karatasi imefungwa kwa nailoni.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Inasema mlango ufungwe mpaka itakapoagizwa tena kwa maandishi. Ni ya Januari ya mwaka wa sabini na sita. Nangoja agizo miaka miwili sasa."

"Mzee Mdahoma, ofisi ile imekufa. Haina hata mlango."

"Nimesikia. Lakini karatasi haijafa. Nikifungua mji ukikosa umeme, mgonjwa akafa kwenye meza ya kupasuliwa, nitawaonyesha nini? Mdomo wako?"

"Na mchanga huu huuoni?"

"Nauona kila siku. Usiku wa mvua nausikia ukiingia. Mimi si mjinga, binti yangu. Mimi ni mlinzi."

Niliishika ile karatasi. Chini, kwenye kona ya kushoto, kuna herufi mbili ndogo zilizopigwa kwa mashine: m.s. Nikakumbuka ulipoanza kazi ulituandikia, kwa fahari, kwamba karani anayechapa barua huweka herufi za jina lake pale.

Mouridi mtoto wa Sounhadj, ni wewe?

Niliporudi nyumbani mlango ulikuwa wazi na mtungi umepasuliwa. Wamemchukua Mama Mkubwa. Wamemweka katika ghala la zamani la karafuu, kwenye sakafu ya saruji. Wamemkata nywele.

Hadjira


Moroni, 2 Februari 1978

Dada,

Ni mimi.

Wafaransa walipoondoa watu wao, mafuta ya mitambo yalikwisha, na mkuu wetu akaogopa hospitali itakaa gizani. Akaniambia niandike: mlango wa chini ufungwe miezi miwili, mpaka mwisho wa Machi, ili maji yote yaende kwenye mtambo. Alikuwa amesimama, koti mkononi. Nikaketi kuchapa. Nilipofika kwenye tarehe niliingiwa na hofu. Nikaona, tarehe ikija kuwa na makosa ataulizwa karani. Pasipo na tarehe haulizwi mtu. Nikaandika "mpaka itakapoagizwa tena kwa maandishi". Ni maneno mazuri ya ofisi. Akatia sahihi bila kusoma.

Machi nilikumbuka. Nikasema nitamkumbusha kesho. Alikuwa mkali siku zile. Kisha mkuu akabadilishwa, na wa pili naye, na kila aliyekuja nilimwogopa upya. Halafu ikaja siku ya moto. Nakala ya barua ile ilikuwa kwenye rundo langu. Niliitia mfukoni ili nikaichome peke yangu niione inavyoisha, kisha sikuweza. Iko ndani ya godoro langu. Nalala juu yake, na tangu uliponiandikia habari za mawe, nasikia kitu kinasagana chini ya kichwa. Huku Moroni hatuna mto hata mmoja, maji tunayoyanywa ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye birika la saruji. Nasikia mto.

Nifanye nini sasa? Muhuri hakuna. Ofisi hakuna. Mtu akiandika kwa jina la ofisi iliyofutwa, nina hakika ataitwa msaliti. Na nikiandika kwa jina langu watauliza karatasi niliipata wapi. Nimefikiri pande zote. Naogopa, dada. Wewe wajua nilivyo tangu utoto.

Mouridi


Mutsamudu, 10 Februari 1978

Mouridi,

Najua ulivyo. Mama Mkubwa pia anajua, ndiyo maana hajakutaja.

Nimeruhusiwa kumpelekea uji. Fakri alikuwa pale, anamuuliza kila siku swali lilelile. Mimi nikiwa nimesimama na bakuli, alimwambia:

"Bibi, irudishe bahari nikuache uende."

"Ningekuwa na uwezo huo, ningelala kwenye sakafu hii?"

"Basi mwite mama yangu. Wewe ndiye wa mwisho aliyemshika."

Mama Mkubwa alimtazama sana. Akamwambia, "Alikuwa na kovu chini ya titi la kushoto. Alipoungua kwa mafuta akikukaangia wewe. Nikimpata nitamjua." Kijana akatoka nje.

Wamepanga kumtembeza mjini Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, amevalishwa gunia, amepakwa masizi usoni. Mzee mmoja wa vijiji vya juu walimfanyia hivyo Desemba. Hakumaliza mtaa wa pili.

Makaburi yaliyofunguka ni ishirini na mawili sasa.

Andika ile karatasi.

Hadjira


Moroni, 17 Februari 1978

Kwa Mzee Mdahoma, mlinzi wa bwawa,
kwa mkono wa Hadjira binti Sounhadj

Kuhusu: kufunguliwa kwa mlango wa chini

Ofisi iliyokuandikia Januari 1976 haipo, wala hapatakuwa na mwingine wa kukuandikia. Maneno ya mwisho ya barua ile hayakutoka kwa mkuu. Ni yangu. Aliyeagiza alitaka miezi miwili tu. Nakuambatishia nakala, ilinganishe na yako herufi kwa herufi.

Kwa hiyo nakuagiza kwa maandishi, mimi niliyeagiza mwanzo: fungua. Zungusha gurudumu robo, ungoje saa moja, kisha robo tena. Kabla ya kuanza waonye wanaofulia na wanaovuka kule chini. Umeme utakatika kwa siku kadhaa. Hospitali iambiwe mapema itafute mafuta ya jenereta yao. Mvua zikiisha funga, zikianza mwaka ujao fungua tena.

Likitokea baya lolote, onyesha karatasi hii.

Mouridi mtoto wa Sounhadj,
karani wa zamani, anakaa Mvouni


Mutsamudu, 12 Machi 1978

Mdogo wangu,

Mdahoma aliisoma mara tatu, akaweka barua zote mbili kwenye kopo lake, akaenda kushika gurudumu. Lilikuwa na kutu, tulilisukuma wawili. Kwanza ilitoka sauti tu, kama mtu anayekohoa ndani ya ardhi. Halafu yakaja maji meusi, yananuka, kisha mekundu, siku nne mchana na usiku. Bahari ikawa nyekundu mpaka wanapotia nanga meli. Ile Ijumaa waliyoipanga ikapita, hakuna aliyekumbuka kutembeza mtu; mji mzima ulikuwa darajani.

Siku ya tisa tukaona ulimi wa mchanga umetoka mdomoni mwa mto. Sasa unafika hatua thelathini. Bahari imesimama mbali na makaburi, na mawe yamenyamaza. Ni mchanga mzuri, laini, na haujakanyagwa na mtu hata mmoja. Watu wanauogopa kuliko ulipokuwa haupo. Mchana kutwa umelala pale hauna nyayo.

Nilidhani ndiyo mwisho. Nilikwenda kwa Fakri nikamweleza bwawa, mchanga, mlango, na karatasi mbili zilizotoka Moroni. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza:

"Yaani kuna mtu Moroni aliandika karatasi, bahari ikaja ikamla mama yangu. Akaandika nyingine, bahari ikarudi."

"Si hivyo."

"Ni hivyo ulivyosema sasa hivi. Jina lake nani?"

Nilikataa kulitaja. Akapanda kwa Mdahoma. Mdahoma, unamjua, akamwonyesha karatasi kama ulivyomwagiza.

Jumamosi walimwachia Mama Mkubwa, wakaanza kuandaa watu wa kuja Moroni kukuchukua. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti nampaka mafuta magotini jirani alipotuletea habari. Akaomba kanga yake ya kutokea, akaenda mwenyewe kwenye lile ghala na kumwambia Fakri mbele ya kamati nzima kwamba karatasi ni ujinga wa watoto wa shule. Kwamba ni yeye. Alisema aliiita bahari kwa hasira na kuirudisha alipochoka na sakafu. Walimuuliza maswali, akayajibu yote. Sijui aliyatoa wapi majibu yale. Alieleza majani, alieleza siku, alieleza majina. Nilisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa.

Fakri amemwamini, wamemrudisha ghalani. Watamtembeza Ijumaa ya mwisho wa Machi.

Amenipa maneno nikuletee, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie asije. Akae kimya. Hilo analiweza."

Hadjira


Moroni, 20 Machi 1978

Kwa Fakri, mwenyekiti wa kamati ya vijana, Mutsamudu

Nimeiandika barua hii mara mbili, kwa Kifaransa uisome mwenyewe, na kwa Kiswahili dada yangu aisome. Tadjiddine ataifikisha kabla yangu. Nitashuka Mutsamudu Jumanne tarehe 28, Mungu akipenda. Huna haja ya kutuma watu.

Moinahalima, Mama Mkubwa wetu, amekudanganya. Yeye ndiye aliyenilea, na anaona bora afe yeye kuliko niulizwe mimi. Hajaiita bahari. Mambo ya majani aliyokueleza ameyasikia kwa wanawake wakati wa kuosha maiti, kama yanavyosikiwa na kila mwosha maiti.

Siku nitakayofika tutapanda bwawani, wewe, mimi, Mzee Mdahoma, na wote utakaowataka. Nitasimama mbali, mikono umenifunga ukitaka, wala sitafungua mdomo. Lile gurudumu utalishika wewe. Utalifunga, uteremke ukautazame mto unavyogeuka mweupe. Kisha utapanda, utalifungua, na uteremke tena. Rudia mpaka uridhike. Baada ya hapo niulize unalotaka, nitalijibu.

Mama yako hakuchukuliwa na mchawi. Alichukuliwa na mstari mmoja nilioandika kwa sababu niliogopa kuulizwa. Sina namna ya kukurudishia. Nimeona usikie kwangu, mbele ya watu, na uamue ukiwa unajua.

Naomba jambo moja tu, na si kwa ajili yangu. Sakafu ile ni ya saruji na magoti ya Mama Mkubwa ni mabovu. Mpe mkeka leo.

Mouridi mtoto wa Sounhadj